Kitambaa Kilichomezwa na Tiyo ya Baraji

Ilianza Jumapili, saa nane kamili za mchana, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, pale Mama Vumilia alipoinama juu ya tiyo ya baraji, lile bomba la chuma lililosimama juu ya ukuta wa bwawa, ili asikilize ndani, na tiyo ikamvua kitambaa cha kichwa. Saa ninaijua kwa sababu redio ya mume wake, Papa Deo, aliyokuwa ameitundika kwenye gurudumu la mlango wa maji, ilikuwa imeanza tu kusoma habari. Kitambaa kilikuwa cha rangi ya chungwa chenye maua meupe, kipya, kimepigwa pasi kwa ajili ya ubatizo. Hakikupeperuka kama kitu kilichochukuliwa na upepo. Kiliingia chote mara moja, kama vile kuna mtu chini aliyekivuta kwa mkono, na ile tiyo ikanyamaza kidogo, ikakohoa, kisha ikaendelea kulia kama ng'ombe anayetafuta ndama wake. Mama Vumilia alibaki ameinama, mikono juu ya mvi zake, ambazo hata mimi niliyekuwa ninalala nyumbani mwake sikuwa nimewahi kuziona. Mbele yake walisimama mama wote wa kikundi cha maombi alichokiongoza, na wanaume, na vijana waliokuja kuona watu wakizamishwa mtoni. Kijana mmoja alicheka. Ninaamini kabisa kwamba kama yule kijana asingecheka, mambo yote yaliyofuata yasingekuwepo.

Juma lililopita tumemzika Mama Vumilia. Nilipanda kutoka Goma kwa pikipiki, nikakuta watu wa kilio wamejaa mpaka barabarani, na siku ya pili, wakati tunakula viazi na maharage, mzee mmoja alisimama akasema kwamba huyu mama njo mwenyewe alifunga shetani ya baraji kwa maombi, na tangu siku ile maji hayakusumbua mtu tena. Watu wakaitika amina. Nilitafuta kwa macho mtu wa kumsahihisha, nikaona wote wanaangalia sahani zao, hata wale waliokuwa pale juu ya ukuta na mvua ikiwapiga. Nikatoka nje, nikaazima kalamu. Mama Vumilia nilimpenda sana, na jana nilipoingia jikoni mwake na kukuta jiko limepoa, nilikaa chini nikalia kama mtoto. Lakini shetani hakumfunga. Alifunga hewa. Na mimi niliifungua, kwa mikono hii, mbele ya macho yake, na sitakubali habari hiyo izikwe pamoja naye. Sasa nina miaka kumi na tisa. Wakati ule nilikuwa na kumi na sita, na haya ilikuwa imenizidi: mwalimu akiita jina langu, Solange, nilikuwa ninaitika moyoni tu, naye anaandika kwamba sikuja. Kwa nini nilitoka Buleusa, kule Walikale, nikaja kusomea Masisi kwa huyu mama mkubwa wangu, hiyo ni habari nyingine, na hapa siiandiki.

Baraji yetu si kama zile kubwa za kwenye vitabu vya shule. Ni ukuta wa udongo na mawe uliofunga bonde kati ya vilima viwili, upande wa Kingi, na nyuma yake kuna maji yaliyotulia ambapo ng'ombe wanakunywa. Umeme wake ulikuwa unawasha kituo cha afya na mashine ya kusaga. Chini kabisa ya ukuta inapita njia ya zege, na katika njia hiyo kuna mlango wa chuma unaopandishwa kwa gurudumu lililoko juu. Mlinzi wa gurudumu alikuwa Papa Deo, mume wa Mama Vumilia. Siku za kusukuma tope, ao mvua ikizidi, alikuwa analizungusha, mlango unapanda, maji yanatoka kwa hasira upande wa pili na kushuka kuelekea Lushebere, mahali kambi ya wakimbizi ilipokuwa. Ile Jumapili alikuwa amefungua ili mto upate maji ya kutosha ya kubatizia. Na nyuma kidogo ya mlango, kutoka kwenye dari ya ile njia ya chini, ilipanda tiyo: bomba la chuma, nene kama paja la mtu mzima, lililotokeza juu ya ukuta hadi usawa wa kiuno. Zamani mdomo wake ulikuwa na wavu. Mtu aliuiba akafanya chekecheo ya unga. Mlango ukiwa umefungwa, tiyo ilikuwa bubu, wana shule wanaikalia wakila muwa. Mlango ukifunguliwa, ilikuwa inavuta. Ukiweka kiganja, inakishika. Na ilikuwa inalia, mpaka Kingi wanaisikia.

Nyumba ya Mama Vumilia ilikuwa ya mbao, na chumba changu kilikuwa pia ghala la maziwa. Nililala kati ya bidoni za manjano, madumu ya maziwa, na rafu ya fromage, jibini zile za mviringo, ambazo kila jioni ilibidi nizigeuze na kuzifuta kwa chumvi. Mpaka leo nikisikia harufu ya fromage mbichi, masikio yangu yanasimama yenyewe, kwa sababu kile chumba njo kilinifundisha kusikiliza. Mbao zilikuwa zimepasuka na chumba chao kilikuwa ng'ambo. Jioni ya ile Jumapili tulikula bugali na sombe ya majani ya muhogo. Baadaye nikamsikia Mama Vumilia akisema polepole, "Deo, ilinivula nguo."

"Ni kitambala tu, mama."

"Weye uko mwanaume, haujuwe. Mwenye kunivula kitambala mbele ya batu, alinivula nguo."

"Lakini tiyo haiko mutu."

"Njo vile minasema," akajibu. "Haiko mutu."

Kikundi cha maombi kilifunga bila kula. Jumamosi wakapanda ukutani kwa nyimbo, wamebeba jiwe bapa lililochongwa duara, na Papa Deo mwenyewe akakoroga mchanga na sima, saruji ya kujengea. Walikuwa wamemuuliza Papa Prezidan, yule aliyeongoza komite ya baraji, naye alifikiri kwa makini, kwa maana si mtu wa kuharakisha, kisha akasema tiyo ambayo haipitishi hata tone la maji haioni ina kazi gani pale. Hakuna aliyempinga. Maji yana njia yake chini, umeme una njia yake pembeni, na hii imesimama peke yake juu ya ukuta inalia na kuvua mama za watu vitambaa. Jiwe likawekwa mdomoni, sima ikapakwa juu yake, na ilipokuwa bado mbichi Mama Vumilia akachora msalaba kwa kidole. Alichora vizuri, umenyooka. Nilimwona akijifuta kidole kwenye kikwembe, nikaona mabega yake yameshuka, kama ya mtu aliyelipiwa kisasi.

Mvua za kwanza zilipoleta tope, Papa Deo alienda kufungua mlango, na mimi nikampelekea viazi na maziwa ya mashanza yaliyoganda. Nilimkuta anazungusha gurudumu, anapiga mluzi. Mlango ulipopanda kidogo, ukuta ulianza kutetemeka chini ya miguu yangu. Kisha tukasikia mapigo kutoka chini, bum, kimya, bum, kimya, kama vile kuna mtu amefungiwa mle ndani na nyundo. Papa Deo alitaka kurudisha, gurudumu likaruka nyuma kwa nguvu zake lenyewe na kumpindua mkono. Mfupa wake niliusikia. Tulifunga pamoja, yeye kwa mkono mmoja na mimi kwa yote miwili, na viazi vilibaki pale juu ya ukuta kwa kunguru. Kituoni wakamfunga mkono kwa vipande vya mbao. Na mtaani kila mtu akawa na maelezo: shetani amefungiwa ndani, sasa anapiga mlango. Ushahidi gani mwingine walihitaji? Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekubali kugusa gurudumu. Mvua ikanyesha kila mchana. Pembeni mwa baraji kulikuwa na mfereji wa kutolea maji yaliyozidi, lakini kilima kiliporomoka kikauziba, kwa hiyo maji hayakuwa na mlango mwingine isipokuwa ule wa chini, na wa chini ulikuwa umefungwa. Papa Deo alikuwa amesimika mti majini na kuuchonga alama kwa kisu. Kila nilipopita kwenda shule, alama moja zaidi ilikuwa imezama. Ukuta wa udongo maji yakipita juu yake, unakwenda nayo. Hilo kila mtu alilijua, na Lushebere iko chini.

Kisha wakaanza kuniangalia mimi. Ni kweli kwamba kwetu Buleusa, pamoja na kanisa, kuna wazee ambao bado wanashika mambo ya zamani. Kuna siku sauti fulani inatoka porini, na wanawake na watoto wanaingia ndani mpaka ipite. Hayo ni ya wazee na sina la kusema juu yake. Nilikua na sauti ile, ndiyo sababu tiyo haikuniogopesha hata siku moja. Nilijua kwamba kitu kikilia, kuna pumzi inapita ndani yake, basi. Lakini kwenye robine, bomba la kuchotea maji, mama mmoja wa maombi aliniuliza mbele ya wote, "Weye mutoto wa Walikale, ulikuyaka na nini mu mufuko?" Sikumjibu. Jibu lilinijia jioni, kati ya bidoni: nilikuja na viatu na biblia. Nilijichukia kwa sababu majibu yangu yote yalikuwa yanafika usiku, watu wakiwa wamelala.

Reseau ya simu ilikuwa inapatikana kona moja tu ya ua wetu, kando ya jiko, kwa hiyo kila aliyetaka kuzungumza na Goma alikuja kwetu na kusimama pale kama amepigiwa misumari. Siku moja Papa Prezidan alikuja kumpigia enjenieri aliyejenga baraji, simu ameifungulia sauti. Mimi nilikuwa ndani ya jiko, ninamenya viazi, na mtu mwenye haya ana faida hii, kwamba watu wanasahau yupo. Enjenieri aliuliza maswali mazuri. Mlango unatetemeka tangu lini? Unapiga ukifunguliwa kiasi gani? Vyuma vimepakwa grisi? Kisha nikamsikia akisema, "Na tiyo ya hewa, iko wazi?" Papa Prezidan alimwangalia Mama Vumilia, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono kifuani. Mvua ilikuwa inaanza kugonga mabati. "Iko muzuri," akasema. "Yote iko muzuri, Enjenieri." Enjenieri akasema basi haelewi, lazima aone kwa macho yake, na atakuja barabara ikifunguliwa. Wote tulijua maana ya neno hilo. Barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya masasi, risasi za vita, na hakuna anayejua siku ya masasi kuchoka. Nilibaki na kisu mkononi. Tiyo ya hewa. Kumbe ilikuwa na jina, na jina lake lilikuwa kazi yake.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa ninamimina maziwa kutoka bidoni kubwa kwenda kwenye ndoo. Bidoni zote za Mama Vumilia zilikuwa na tundu dogo kwenye mshikio, limezibwa na kijiti, na somo la kwanza alilonifundisha nilipofika kwake lilikuwa hilo: kabla ya kumimina, toa kijiti. Siku hiyo nilisahau. Bidoni ikameza, ikatapika, ikameza tena, ikaruka mikononi mwangu, maziwa yakanipiga kifuani. Ilikuwa inasema bum, kimya, bum, kimya. "Kijiti," akasema Mama Vumilia bila kugeuka. Nikatoa kijiti. Tundu likafanya kisauti chembamba cha kuvuta, na maziwa yakashuka laini kama uzi, bidoni imetulia kama kondoo. Nilisimama pale mpaka ndoo ikafurika. Maji yanayotoka kwa nguvu yanaondoka na hewa iliyoko mle ndani, na isipopata nyingine ya kuchukua nafasi yake, yanaanza kuvutana na chuma chenyewe. Mama Vumilia aliponigeukia na kuona maziwa sakafuni, alidhani nimeona nyoka.

Papa Deo nilimweleza siku hiyo hiyo, kwa kunong'ona, nikimfungia mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hata yeye tangu ile siku alikuwa na wasiwasi, lakini yeye njo alikoroga sima, na bibi yake njo alichora msalaba, na mtu hawezi kuamka asubuhi akamwambia bibi yake kwamba msalaba wake umemvunja mkono. "Ninalala naye mu nyumba moja, Solange," akasema. Sikumdharau kwa hilo. Lakini nilitoka pale nimekasirika, na hasira ilikuwa kitu kipya mwilini mwangu, ilinifanya nitembee haraka.

Nilikwenda Lushebere kwa Bonane, tuliyekuwa tunakaa naye banki moja, benchi la mbao, darasani. Walikuwa wanaishi wanne chini ya hema moja ya plastiki, kwenye mwinuko mdogo kando ya mto. Mama yake alitupa bugali ya unga wa manjano wa msaada, na mboga ya lengalenga, na akanisukumia mimi sehemu kubwa, kwa sababu nilikuwa mgeni. Niliona kwamba wote wana viatu miguuni, hata mtoto, ndani ya hema, saa ya kula. Bonane akasema, kama mtu anayeeleza ratiba ya masomo, kwamba siku hizi wanalala na viatu. Ndipo mama yake alipogeuka kuchukua chumvi, na mgongoni mwake nikaona mtoto amefungwa kwa kitambaa cha rangi ya chungwa chenye maua meupe. Nilisahau haya zangu. Nikauliza wamekitoa wapi.

"Muto njo ulitupatia," akasema Mama Bonane. "Ile siku ya ubatizo. Nilikuwa ninasugua masufuria, nikaona kinakuya chenyewe, hata hakijapasuka. Nikasema Mungu leo amekumbuka bakimbizi."

Niliwaambia yote: tiyo, kuvuliwa, msalaba, bidoni. Shetani ambaye watu walikuwa wamefunga siku nzima bila kula kwa ajili yake, alikuwa amebeba kitambaa kutoka juu ya ukuta mpaka kwenye masufuria ya Mama Bonane, kwa muda wa kusoma habari za redio. Bonane alicheka mpaka akalala chini. Nikaomba niazime kitambaa nikionyeshe kwenye mkutano wa komite. Mama Bonane akamfungua mtoto, akampa Bonane, akakikunja kitambaa na kukifunga kichwani kwake, vizuri, pembe mbili juu. "Hapana," akasema. "Kitaenda juu ya kichwa yangu."

Mkutano ulikuwa Ijumaa, kwenye nyumba ya mashine ya kusaga, watu wamekaa juu ya magunia. Nilikuwa nimeahidi kusema, na niliposimama nyuma kabisa, mdomo ulikauka kama unga ule wa sakafuni. Mama Bonane aliingia, akasalimia, akaketi. Mama Vumilia alikitambua kitambaa kichwani pake kabla hajamaliza kuketi. Akamuuliza kitambaa hicho amekipata wapi, na Mama Bonane akamjibu vile vile alivyonijibu mimi, bila kuongeza, bila kupunguza. Mtu mmoja nyuma akacheka. Nilijua hapo hapo kwamba tumeharibu, kwa maana nilimwona Mama Vumilia uso unafunga, kama ile siku. Akasema basi vizuri, Mungu amekirudisha, mama akae nacho. Lakini msalaba hauvunjwi kwa ajili ya kitambaa. Papa Prezidan akasema tungoje enjenieri.

"Mungoje," akasema Mama Bonane, akasimama. "Sisi tutangojea mu maji."

Akaanza kwenda mlangoni. Hapo nikasikia sauti nyembamba, ya mtu anayeongea kama yuko chini ya blanketi, na ilikuwa yangu. Nilisema, "Mama, weye njo ulinifundishaka kutosha kijiti." Watu wakageuka, wakaniona, hawakuelewa kitu. Yeye alielewa. Miaka mitatu nimejiuliza kama niliota, na jana nilipoziona zile bidoni zimepangwa ghalani, kila moja na kijiti chake, nimejua kwamba sikuota. Macho yake yalikwenda kwenye mikono yake mwenyewe. Kisha akainuka, akajifunga kikwembe, akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mwenye atagusa ule musalaba, asirudie kwake.

Jumamosi mvua ilianza asubuhi. Mchana nilipopanda ukutani, mti wa Papa Deo ulikuwa hauonekani, na maji yalikuwa yamebakiza kiganja kimoja yafike juu. Nilirudi nikachukua baramini kwenye kibanda chake, kile chuma kirefu cha kuvunjia mawe, kizito kunizidi. Papa Deo aliniona. Alivaa koti lake kwa mkono mmoja, wa pili akauacha unaning'inia, akanifuata. Bonane alikuwa amekwisha kufika kutoka bondeni, miguu yote tope. Na nyuma yetu wakapanda mama wa maombi, wamejifunika plastiki, wanaimba, na sikuzihesabu zile sauti, lakini zilikuwa nyingi kuliko mvua. Nilipiga mara ya kwanza, chuma kikaruka, mikono ikafa ganzi. Nilipoinua tena, Mama Vumilia alikuwa amesimama karibu yangu mpaka ninaona maji yakimtiririka kwenye kope. Hakukamata chuma. Angeweza.

"Solange," akasema. "Ni musalaba."

"Musalaba iko mu kanisa, Mama. Huku iko sima."

Yalikuwa maneno makali kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu mzima, na siyajutii hata moja. Nikapiga. Sima ikapasuka katikati. Nikaingiza ncha ya baramini chini ya jiwe, Bonane akaning'inia nami, jiwe likainuka na kuanguka kando, na mdomo wa tiyo ukawa wazi, mweusi, kimya. Tukakimbilia gurudumu. Papa Deo alikuwa anatuelekeza kama anaswaga ng'ombe, polepole, polepole, sasa ngoja. Sisi wawili tukazungusha. Chini kitu kikagutuka, ukuta ukatetemeka kidogo, na wote tukasubiri lile bum. Badala yake tiyo ikavuta pumzi. Nilisikia hewa ikipita karibu na sikio langu kwenda chini, nyingi, ya baridi, kisha ikaanza kulia, ile sauti yake ya zamani ya ng'ombe, na mama wa maombi wakaacha wimbo katikati ya neno. Papa Deo akaweka mkono wake mzima juu ya gurudumu, kama mtu anayempapasa mnyama shingoni. Halikuwa linatetemeka. "Ongeza," akasema. Tukaongeza. Upande wa pili maji yalitoka meupe kama maziwa, yamejaa hewa, yakaingia mtoni, na mto ukayabeba bila kuvuka kingo zake.

Niliinama juu ya tiyo. Sikuwa na sababu. Nilitaka tu kuisikia kwa karibu. Ikanivua kitambaa, cha bluu, kile kimoja nilichokuwa nacho. Nilisimama kichwa wazi mbele ya kikundi chote cha maombi, mvua ikinipiga utosini, na badala ya kuweka mikono juu ya nywele, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mimi. Mama Vumilia aliniangalia nywele kwa muda mrefu. Kisha akapita kando yangu kushuka, na alipokuwa ananipita akasema, bila ukali, "Leo usilale kwangu." Kabla ya giza, alama ya juu ya mti wa Papa Deo ilikuwa imetokeza majini.

Nililala kwenye hema ya Mama Bonane, viatu vikiwa nje. Asubuhi yake, Jumapili, mvua ilikuwa imekatika. Niliamka mbele ya wengine, nikafuata mto nikiangalia mawe na matete, na kwenye kona, mahali maji yanapopunguza mwendo, nikakiona kitambaa changu kimekwama, upindo umechanika upande mmoja. Nilikikamua. Nikakifunga kichwani kikiwa kimelowa vile vile, nikapanda kilima kwenda kanisani. Juu ya bonde tiyo ilikuwa bado inalia. Watu walikuwa wamekwisha kuingia, na banki ya mbele ni ya mama wa maombi. Nilitembea katikati ya wote mpaka pale, nikasimama kando ya Mama Vumilia, maji yakinidondoka shingoni. Hakunigeukia. Alinyoosha mkono, akaondoa mkoba wake kwenye banki, akauweka chini. Nikakaa, na wimbo ulipoanza, niliimba.